Pikipiki ya Salle Nyota

"Muntu wako anapanda gari ya moshi leo jioni, anaenda jela ya kusini," Komanda Masudi alisema bila kuinua macho. "Unifungie dosye ya kesi yake mbele ya sala ya magharibi. Iko wazi."

"Kama iko wazi, juu ya nini ulinituma mimi, Shefu?"

"Juu karatasi inataka jina ya inspekta."

Inspekta Hamadi aliichukua ile karatasi akaisoma amesimama. Lutala, mchimba dhahabu wa Kama, upande wa Pangi. Kosa: hujuma. Si kuvunja mashini ya kuchezea watoto, la hasha. Hujuma, neno wanalobandikwa watu waliolipua madaraja. Asubuhi hiyo mashini ya mchezo wa ndege za vita katika Salle Nyota, ukumbi wa michezo ya kulipia, ilikutwa imepasuliwa kioo, na jana yake jioni Lutala alikuwa amepiga makelele mtaani kwamba ameibiwa. Basi, yamekwisha. Mtu kapiga kelele, kitu kimevunjika, mfungwa kapatikana. Upelelezi wa namna hiyo hata mbuzi angeuweza, na mbuzi asingedai mshahara.

"Shefu, wewe ulisikia hayo makelele?"

"Ningesikia wapi? Jana nilikuwa kwangu, kule ku mto, na wageni. Azana ikalia, tukafuturu, tukasali, nikalala. Mambo ya masalle siyajui."

Juu ya meza ya Komanda feni mpya ilikuwa inazunguka. Kila askari wa kituo alijua kwamba feni ile ilishushwa kutoka behewa moja na mashini za Henri, mwenye Salle Nyota. Hamadi aliitazama, akamtazama Komanda, akatoka. Ilikuwa Ramadhani, koo lake limekauka tangu alfajiri, na hasira za mtu aliyefunga hazipozwi na maji.

Lutala alikuwa ameketi sakafuni mwa chumba cha mahabusu, mgongo ukutani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mabega yamejengwa na sururu, na midomo yake ilikuwa imevimba kwa kipigo cha asubuhi.

"Wewe njo ulivunja mashini?"

"Hapana. Mi nilitaka kuifungua. Kuvunja na kufungua ni vitu mbili."

"Nielezee."

"Mu ile mchezo kuna ndege ndogo ndogo, na mwisho inakuja mama yao. Ukimwangusha mama, pikipiki njo yako. Imeandikwa pale ku mlango, kila muntu anaona. Jana nilimpiga mama mpaka akaanza kutoka moshi. Imebaki risasi moja. Halafu kioo ikakuwa nyeusi. Pii!"

"Courant ilikatika." Umeme wa Kindu ulikuwa na tabia hiyo.

"Njo vile Henri alisema. Mara ya kwanza nikakubali. Hapa kwetu muntu akikataa kama courant inakatika, atakubali nini? Lakini ilinikatikia tena, na jana tena, na kila mara ni pale pale, mama ya ndege akikaribia kufa. Courant gani hiyo inajua kucheza?"

Hamadi alichuchumaa mbele yake. "Ukasema nini?"

"Nilitoka ku mlango nikasema mbele ya watu: kesho naleta ndugu yangu wa atelier, karakana ya gari ya moshi, fundi ya nyaya, afungue hii mashini tuone tumbo yake. Nikaenda kulala kwa huyo ndugu. Asubuhi wakanitoa mu kitanda kama mwizi ya kuku."

"Nani aliona vile mashini ilizima?"

"Saa ilikuwa mbaya. Jua ilikuwa inazama, Waislamu wote wa salle walikuwa wametoka, wanasubiri kunywa uji barabarani. Ndani tulibaki mimi, Henri, na Emerance, yule anauzishaka jetoni, zile sarafu za kuchezea."

Sauti yake ikabadilika. "Inspekta, ile jela ya kusini naweza kuvumilia. Lakini dahabu nilichezea haiko yangu. Ni ya wenzangu wote wa carrière, kule tunachimbaka. Tunabebaka mifuko ku kichwa kutoka Kama, shingo zinaingia mu mabega. Walinichagua mimi, wakasema: we una jicho, nenda ujifunze ile mchezo, utuletee pikipiki. Nikipotea leo na ile gari, watasema nilikula dahabu yao nikakimbia. Watoto yangu wataitwa watoto ya mwizi."

Hamadi alisimama. Alisema atarudi kabla ya treni, na askari wa mlangoni akacheka.

* * *

Salle Nyota ilikuwa nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, karibu na soko, milango yake mikubwa imefunguliwa mchana kutwa ili taa zisiwashwe mapema. Juu ya mlango ubao uliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za kuonekana mpaka ng'ambo ya barabara: SHINDA MASHINI, PANDA PIKIPIKI. Na yenyewe pikipiki ilikuwa pale ndani, juu ya jukwaa la mbao, nyekundu, tangi limevikwa nailoni, na kuanzia chini ya tangi mpaka sakafuni imezungushiwa kitambaa cha kijani chenye mwenge wa Chama, kilichotawala nchi peke yake. Nani angethubutu kukigusa kitambaa hicho? Hata vumbi lilikiogopa.

Kwenye vitambulisho Henri alikuwa na jina refu la mababu, kama raia wote walivyoamriwa, lakini mji mzima ulimwita Henri na yeye aliitika. Alikuwa amevaa abakosti, koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, la rangi ya udongo, na alikuwa na kikohozi kidogo alichokitumia kabla ya kila jambo la maana.

"Inspekta, karibu! Njoo uone unyama. Mashini moja tu ilikuwa imebaki nzima, na hiyo pia wameua. Mimi naleta maendeleo mu Kindu, wanaleta mawe."

"Watoto wanaacha masomo juu ya hii maendeleo yako."

"Nilimfunga nani kamba? Anayependa anacheza, asiyependa anapita. Ni mchezo tu."

"Lutala anasema alikuwa anashinda."

"Wote wanasemaka vile. Courant ilikatika, Inspekta. Mtaa muzima, mupaka giza ikaingia! Na sheria ya salle iko wazi."

Alionyesha kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya kaunta, chini, usawa wa paja. Hamadi alilazimika kupiga goti. Kilikuwa kwa Kifaransa, herufi za kama sisimizi: mchezo ukikatizwa kwa kukosa umeme, umepotea, na mchezaji hana madai. Tamaa imeandikwa kwa Kiswahili juu ya mlango. Hasara imeandikwa kwa Kifaransa chini ya meza.

"Wachimbaji wa Kama wanasoma Kifaransa?" Hamadi aliuliza.

"Mimi si mwalimu wao."

Hamadi aliutia mkono wake mfukoni, usije ukafuturu kabla ya wakati kwenye shavu la Henri. Aliiendea mashini. Kioo kilikuwa kimepondwa kwa kitu kizito na vipande vimetapakaa mbele. Fimbo ya kuendeshea ndege ilikuwa imeng'olewa. Kazi ya mtu mwenye hasira, ungesema. Halafu akazunguka nyuma.

Bamba la nyuma lilikuwa limefunguliwa. Halikuvunjwa. Skurubu zake zilikuwa zimewekwa pamoja ndani ya kifuniko cha chupa, juu ya kisanduku, kama zinavyowekwa na mtu anayepanga kuzirudisha.

"Na hii?"

Henri alikohoa. "Hiyo… hiyo ni ya zamani. Fundi alisahau."

Hamadi alipitisha kidole kwenye njia za skurubu. Ndani mlikuwa na kutu, lakini kingo ziling'aa, bisibisi ilikuwa imezikwangua karibuni. Akachungulia tumboni mwa mashini. Kati ya nyaya zilizopauka kwa vumbi palikuwa na vichwa viwili vya shaba, vyekundu, safi, vimekatwa. Waya uliokuwa pale umekwenda. Na kwenye zulia la plastiki, kuanzia mguu wa mashini mpaka kaunta, kulikuwa na mfuo mwembamba ulionyooka, mahali ambapo kitu kimelala chini yake kwa muda mrefu.

Aliufuata mfuo mpaka kwenye kaunta. Emerance, muuza jetoni, alikuwa ameketi pale kwenye kigoda kirefu, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alisimama kabla hajaambiwa.

"Mama Emerance, naomba kiti yako."

Hamadi aliketi. Goti lake la kulia likaenda lenyewe chini ya ubao na kugusa matundu mawili ya skurubu. Aliinama kutazama: kuzunguka matundu hayo rangi ya ubao ilikuwa bado mpya, kipande cha ukubwa wa kisanduku cha viberiti, na kwingine kote imefifia.

"Hapa kulikuwa nini?"

"Mi nauzishaka jetoni tu," Emerance alisema. Alikuwa anamtazama Henri, si Hamadi.

"Sikukuuliza unauzishaka nini."

"Kengele!" Henri aliingilia. "Kulikuwa kengele ya kuita mulinzi. Iliharibika."

"Kengele iliharibika lini?"

"Zamani."

Zamani ya Henri ilikuwa pana sana siku hiyo. Kila kilichomkera kilitumbukia humo. Lakini tundu la skurubu si ushahidi mbele ya Komanda mwenye feni mpya. Henri angesema kengele, Emerance angenyamaza, na Lutala angekuwa njiani kwenda kusini. Lilibaki jambo moja, na Hamadi alilijua kwa tumbo lake mwenyewe. Jana magharibi alikuwa kwa dada yake, mtaa huu huu, bakuli la uji mkononi, amefuturu kwa adhana iliyotoka kwenye kipaza sauti cha msikiti. Ilikwenda mpaka mwisho, haikukatika hata kwa pumzi.

Kama umeme ulikatika mtaa mzima, kipaza sauti kile kililia kwa nguvu za nani?

Akatoka nje, akainua macho. Waya wa Salle Nyota na waya wa msikiti zilitoka kwenye nguzo moja.

* * *

Hamadi alimkuta Kasimu, mwadhini, ameketi barazani akishona ukingo wa mkeka.

"Asalamu alekum, Mwalimu Kasimu. Mikro ya msikiti inatumikaka na courant, ao na betri?"

Ingekuwa afadhali amtukane mama yake. Kasimu aliutupa mkeka.

"Betri! Usinitajie betri, Inspekta! Niko na saumu, nisije nikaiharibu kwa matusi. Njoo uone betri!"

Alimvuta mpaka kwenye kichumba cha nyuma. Betri ya lori ilikuwa kwenye kona, mbavu zimevimba, asidi imekauka ubavuni kama chumvi. Kuku alikuwa ametaga juu yake.

"Ilikuwa nzima," Kasimu alisema. "Waumini walichanga. Courant ikikatika, tunabandika betri, azana haisimami. Halafu akaja bwana mukubwa na heshima zake, eti anaiomba kwa ajili ya muziki ya sikukuu ya Chama, siku moja tu. Ungemkatalia, na Chama mu kinywa yake? Akairudisha baada ya Shabani yote, imekufa! Hakusema hata pole. Tangu hapo courant ikienda, mi napanda pale ku dari nalia na koo yangu, na koo yangu haifiki hata sokoni."

"Na jana magharibi?"

"Jana courant ilikuwa, Alhamdulilahi. Nililia na mikro."

"Na yule aliyeua betri, ni nani?"

Kasimu alimtajia. Hamadi alimwomba arudie jina hilo, polepole, halafu akamwomba amwazime ile betri.

"Chukua! Lakini kuku umwachie yai yake."

* * *

Jua lilikuwa limeshuka juu ya mabati ya soko wakati Hamadi alipomtoa Lutala mahabusu, pingu mikononi, kumpeleka stesheni kama alivyoamriwa. Ila hakupitia njia ya stesheni. Alipitia Salle Nyota, akasimama mbele ya mlango, na betri iliyokufa akaitua juu ya ngazi.

Barabara ilikuwa imejaa watu wa mtaa, mabakuli ya uji yamefunikwa kwa sahani, wanasubiri. Hakuna wakati mzuri wa kupata hadhira Kindu kuliko dakika za mwisho za funga. Watu wana njaa, hawana la kufanya, na kila mtu ni hakimu.

Landrova ya Komanda Masudi ilifika ikipiga honi.

"Hamadi! Gari inawasha moto ku stesheni, na we unatembeza mufungwa ku soko? Umelewa na saumu?"

"Dakika kidogo, Shefu. Nafunga dosye kama ulivyosema. Citoyen Henri, toka."

Henri alitoka, Emerance nyuma yake.

"Jana mashini ilizima juu ya nini?" Hamadi aliuliza kwa sauti ya kufika mbali.

"Nimeisha kusema. Courant ilikatika, mtaa muzima."

Minong'ono ilipita kwenye mabakuli. Mwanamke mmoja alisema, "Uongo! Sisi tulisikia azana."

Henri alikuwa tayari. Alikohoa, akatabasamu. "Mama, azana si courant. Msikiti iko na betri. Kila muntu hapa anajua."

"Anajua," Hamadi alisema. "Betri njo hii."

Kasimu alikuwa amesogea mbele, akamnyooshea Henri kidole. "Na aliyeiua njo huyu! Aliikopa mwezi wa Shabani akairudisha maiti! We Henri, ulifikiri hii mwezi nililia na betri gani? Na roho yako?"

Tabasamu la Henri lilibaki usoni bila mwenyewe. Alichagua saa ile makusudi, saa ambayo Waislamu wote hutoka ukumbini, asibaki shahidi. Hakujiuliza wanatoka kusikiliza nini.

"Maneno ya mitaani," Komanda alisema haraka. "Labda alilia na koo tu, bila mikro. Peleka mufungwa."

Hamadi alimgeukia. Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa kali kuliko tusi.

"Shefu, asubuhi uliniambia jana ulikuwa kwako, ku mto, na wageni. Azana ikalia, mkafuturu. Koo ya Mwalimu Kasimu haifiki sokoni, itafika ku mto? Basi nisaidie niandike vizuri. Kama courant ilikuwa, Henri ni mwongo. Kama courant haikuwa, basi wewe na wageni wako mlikula mbele ya saa. Niandike gani?"

Komanda Masudi alitazama watu wa mtaa wake, watu aliosimama nao safu moja kila Ijumaa. Wote walikuwa na midomo mikavu, na wote walikuwa wanautazama mdomo wake. Feni ilikuwa mbali, ofisini.

"Nilisikia azana," alisema. "Na mikro."

"Sema kwa nguvu, Shefu," mtu alisema.

"Courant ilikuwa! Mmesikia? Ilikuwa!"

Hapo ndipo Emerance alipofungua kinywa, na yaliyotoka yalikuwa yamekaa humo siku nyingi. "Ni mi nilikuwa nakata! Alinifungia swichi ya mashini chini ya meza. Aliniambia: nikikohoa, ugonge na goti. Nimewagonga watu wangapi? Nimegonga mupaka watoto! Nikisema sitaki, anasema ataniita adui ya Chama. Na usiku ameng'oa nyaya, akavunja kioo kwa nyundo, akaniambia nisafishe. Safisha mwenyewe!" Akavua funguo za sanduku la jetoni shingoni, akamtupia miguuni.

Hamadi alifungua pingu za Lutala. Yule mchimbaji alisugua vifundo vya mikono. Hakushukuru mtu, naye alikuwa na haki. Aliingia ukumbini moja kwa moja mpaka kwenye jukwaa.

"Nilimwangusha mama ya ndege," alisema. "Hii njo yangu."

"Usiguse kitambaa ya Chama!" Henri alipiga ukelele.

Lutala alikishika kwa mikono miwili, akakivuta.

Magurudumu yalikuwepo, kiti kilikuwepo, tangi lilikuwepo. Katikati, mahali pa injini, palikuwa na gogo. Gogo la mti, limechongwa kidogo, likapakwa rangi nyeusi na kufungwa kwa waya.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamecheza humo wote, au watoto wao. Mtu mmoja alianza kuokota jiwe, na Hamadi akamwona, akamnyooshea kidole mpaka akaliacha. Kisha akamfunga Henri zile pingu zilizotoka mikononi mwa Lutala. Zilikuwa bado na joto.

"Utajuta," Henri alimwambia. "Unajua nani alinipa hii salle?"

"Utamtaja ku kituo, nitaandika jina yake vizuri."

Komanda Masudi alikuwa ameanza kuitazama Landrova yake.

Adhana ikaanza. Sauti ya Kasimu ilipita juu ya mabati, pana, na mikro yake. Sahani zikafunuliwa. Yule mwanamke aliyemkanusha Henri alimpa Hamadi kikombe cha maji, naye Hamadi akanywa amesimama, halafu akarudi kwa Henri.

"Sukuma pikipiki yako. Tunapitia sokoni."

"Mbele ya watu? Inspekta, mi ni muntu mukubwa!"

"Sukuma."

Ndani, Lutala alikuwa amepata koleo kwenye kaunta, anakata nyaya. Gogo lilidondoka jukwaani kwa kishindo.

"Hiyo ni ushahidi," Komanda alisema. "Inabaki ku kituo."

"Ni ushahidi, ndiyo," Lutala alimjibu. "Wenzangu wananingoja Kama. Nikifika mikono mitupu, nitawaambia nini?"

Komanda alimtazama Hamadi. Hamadi alikuwa anatazama upande mwingine, kwa makini sana, akimalizia tone la mwisho la kikombe.

Lutala alivua shati lake, akalikunja likawa kata, akaliweka kichwani, akajitwika gogo juu yake kama alivyozoea kujitwika mifuko, akashika njia ya mtoni kutafuta mtumbwi wa kuvukia.